Kuzeesha reli za treni ya mfano bila kuukata umeme

Swali: Nimetandika reli za treni ya mfano za skeli ya HO (moja ya vipimo vya treni za mfano), mizunguko miwili yenye pointi sita, yaani njia panda za kuhamishia treni reli nyingine, na ninaendesha kwa mfumo wa dijitali. Reli zinang'aa kama vijiko vipya na mataruma yanaonekana wazi kuwa ni plastiki. Nilipuliza rangi ya kahawia kwenye kipande chenye pointi mbili, kisha nikafuta juu ya reli hapo hapo. Tangu siku hiyo treni inasitasita, sauti inakatika na kuanza upya, na pointi moja haipitishi umeme kabisa ikielekezwa kushoto. Nifanyeje kuzeesha sehemu iliyobaki bila kuharibu umeme? Na hizo pointi mbili zinaweza kuokolewa?

Jibu: Zinaokolewa, ndugu, na nitazirudia baadaye. Kwanza nikuondolee hofu ya rangi. Reli iliyozeeshwa vizuri hupitisha umeme sawasawa na ile iliyotoka kwenye boksi leo asubuhi, kwa kuwa umeme hauhitaji reli nzima iwe wazi. Unahitaji sehemu chache tu, na baadhi yake hazizidi upana wa uzi wa kushonea. Wewe ulisafisha sehemu moja kati ya hizo, nyingine zikabaki chini ya rangi.

Nenda kaitazame reli ya kweli inayopitiwa na treni kila siku. Ubavu wake ni wa kahawia iliyokolea, umepakwa kutu, vumbi la breki na mafuta. Juu yake ni kioo. Kwenye kona kali, ile reli ya nje hung'aa hata ubavuni kwa upande wa ndani, maana ukingo wa gurudumu huisugua hapo kila treni ipitapo. Tafakari jambo hilo kidogo, kwani ndilo linalotuokoa: pale gurudumu linapogusa, hata reli halisi haina kutu. Ukiiga uhalisia kwa uaminifu, njia kubwa ya umeme inajilinda yenyewe. Matatizo yanaanza pale tu mfano unapotofautiana na reli halisi, yaani kwenye viungo vya bati vinavyobana reli mbili, kwenye ndimi za pointi (vile vipande vya reli vinavyohama kuelekeza treni), na kwenye njia ya kuegeshea ambayo wewe unataka ionekane imetelekezwa huku bado ukitaka treni ipite.

Tuanze na huo mguso wa gurudumu. Watu wengi hufuta juu ya reli na kuridhika. Lakini gurudumu la treni ya mfano lina mteremko kidogo, na kichwa cha reli kimeviringika pembeni, kwa hiyo mguso hutokea karibu na pembe ya ndani ya reli, siyo katikati ya kile kibapa unachokiona ukiangalia kutoka juu. Rangi ikibaki kwenye pembe ile, reli itaonekana safi kwa macho na treni itaendelea kusitasita. Zaidi ya hapo, ukingo wa gurudumu utaibandua ile rangi kidogokidogo, utaibeba kwenye magurudumu, na magurudumu yataisambaza kwenye mzunguko mzima. Nimewahi kutafuta hitilafu jioni mbili upande mmoja wa meza, kumbe chanzo kilikuwa kipande nilichokipaka rangi upande wa pili.

Kwenye mfumo wa dijitali jambo hili huuma zaidi. Katika mfumo wa zamani wa volti 12 za mkondo mnyoofu, mguso ukikatika kidogo injini husukumwa na mwendo wake, nawe huenda usitambue. Katika dijitali, umeme na amri husafiri pamoja kwenye reli zilezile. Mguso ukipotea, dikoda, yaani kile kifaa ndani ya injini kinachopokea amri, inazimika, sauti inakatika, kisha inawaka upya kama kifaa kilichochomolewa na kuchomekwa. Hicho ndicho unachokisikia.

Sasa viungo. Kile kibati kinachounganisha kipande cha reli na kingine hupitisha umeme kwa kubana tu. Rangi nyepesi hunyonywa ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na gundi ya kokoto hufuata njia hiyohiyo. Mara nyingi kiungo hakifi siku ile. Hufa baada ya miezi kadhaa, chuma kikishapata joto na baridi na kusogea, na hapo umeshasahau kwamba uliwahi kupaka rangi. Kwa hiyo kanuni yangu haina msamaha: kila kipande cha reli kiwe na waya wake wa kulishia umeme, uliolehemiwa kwenye reli yenyewe na kushuka chini ya meza, kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Ukishafanya hivyo, kiungo kinabaki na kazi ya kunyoosha reli tu, na rangi ikiingia humo haina cha kuharibu. Lehemu waya kwenye ubavu wa nje au chini ya reli, tumia dawa ya kulehemia isiyo na asidi, na usilehemu kila kiungo kwa kiungo, kwa maana reli na ubao wa chini havitanuki sawasawa, na lazima ubakize nafasi za kupumulia. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayokupa ruhusa ya kupaka rangi ukiwa na amani. Rangi nayo italipa kwa kuficha ile alama ya risasi inayong'aa pale ulipolehemu.

Kabla ya kupaka, pima. Zima umeme, chukua multimita (mita ya kupimia umeme), weka ncha moja juu ya reli na nyingine kwenye waya mkuu chini ya meza. Namba unayoipata iwe karibu sawa na ile unayoipata ukigusanisha ncha mbili za multimita zenyewe. Kipimo hicho ni cha mwanzo tu, kwani mita hupitisha mkondo mdogo mno na mguso dhaifu unaweza kukudanganya. Mimi huongeza taa: balbu ya gari ya volti 12 na wati 10, ambayo huvuta karibu ampea moja, naigusisha kwenye reli mbili nikiwa nimewasha umeme, kisha napima volti palepale. Kwenye dijitali mita ya kawaida inaweza isisome thamani halisi, lakini hapa tunalinganisha tu, sehemu moja na nyingine kwa mita ileile. Mahali volti zinaposhuka kuliko kwingine, pana kasoro. Andika namba hizo kwenye karatasi. Baada ya rangi utazihitaji kuliko unavyodhani.

Sasa kuchagua rangi. Hapa watu hubishana kuhusu shedi ya kahawia na kusahau swali la maana zaidi, ambalo ni: reli zako utazisafisha kwa kitu gani miaka yote ijayo? Alkoholi ya isopropili, ambayo wengi huitumia kusafishia reli, hulainisha rangi za akriliki zinazochanganywa na maji. Ukiitumia juu ya reli yenye ubavu wa akriliki, kitambaa kitarudi na rangi, na rangi hiyo itapanda juu ya reli. Rangi ya mafuta, ile ya enameli, huivumilia isopropili vizuri zaidi, lakini hulainishwa na tapentaini ya madini. Basi panga jozi yako mapema. Ukisafisha kwa isopropili, ubavu wa reli upakwe enameli. Ukisafisha kwa tapentaini ya madini, akriliki iliyokauka vizuri itakufaa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, kwa sababu mchanganyiko wa kila kiwanda una tabia zake. Asetoni na thina kali za rangi za magari ziache kabisa, maana zinayeyusha mataruma ya plastiki.

Rangi ya mafuta ina jambo jingine la kuzingatia: harufu yake na mvuke wake unaowaka. Pointi za umeme hutoa cheche. Chomoa umeme wote wa meza kabla ya kupuliza, fungua madirisha, vaa barakoa ya mivuke na siyo kitambaa cha puani, na ondoa treni zote mezani. Kama una vitambuzi vya mwanga kati ya mataruma, vifunike kwa vipande vya tepu, la sivyo vitakuwa vipofu.

Kuhusu kahawia yenyewe nitasema machache. Kutu ya rangi ya chungwa ni ya reli mpya au iliyokatwa juzi. Reli ya siku nyingi ni ya kahawia iliyokolea inayokaribia rangi ya udongo mzito. Karibu na kituo, treni zinapofunga breki, vumbi la breki hufanya kila kitu kiwe cha kahawia, kokoto na mataruma kwa pamoja. Pale injini zinaposimama kwa muda, katikati ya reli huwa na weusi wa mafuta. Mataruma ya mbao huanza meusi kwa dawa ya kuzuia kuoza, kisha jua huyafanya ya kijivu, na hayazeeki sawasawa: chagua moja hapa na moja pale, yapake shedi tofauti kidogo. Mataruma ya zege ni ya kijivu cheupe, yenye michirizi ya kutu pale reli inapofungwa. Tofauti hizi ndogo zinampendeza mtazamaji kuliko kopo moja la kahawia lililopulizwa pote.

Kwa reli zilizonyooka na kona, puliza au paka kwa brashi, upendavyo. Mimi hupendelea brashi ya mkono yenye nywele bapa, hata kama ni polepole, kwa sababu napeleka rangi ubavuni tu na mkono wangu unajua ulipo. Ukitumia brashi ya upepo, puliza kwa pembe ya chini kutoka kila upande, siyo kutoka juu. Kwanza safisha reli kwa isopropili ili jasho la vidole na mabaki ya dawa ya kulehemia yatoke, maana metali ya reli hizi, mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ni laini kama sahani na rangi haishiki juu ya grisi. Wako wanaopaka tone la mafuta mepesi juu ya reli ili rangi isishike hapo. Mbinu hiyo inafanya kazi, lakini kwa mwanzilishi siishauri, kwani mafuta hushuka ubavuni na kuharibu kile unachotaka kishike.

Kufuta ndiko kwenye kazi ya kweli. Paka urefu wa mkono mmoja, simama, futa, ndipo uendelee. Chukua kibao kidogo cha mbao, kizungushie kitambaa kisichotoa nyuzi, kiloweshe kidogo kwa thina ya rangi unayotumia, kipitishe juu ya reli bila kukandamiza. Kisha kiinamishe kama digrii 45 kuelekea ndani na upite tena kwenye ile pembe niliyoitaja. Rangi ikiwa imeshakauka, tumia ubao mtupu wenye ncha kali, au kijiti cha aiskrimu ulichokichonga. Mbao hubandua rangi bila kuikwaruza reli. Msasa unaacha mifereji midogo, na mifereji hiyo hukamata uchafu mweusi, hivyo utakuwa unasafisha kila wiki kile ambacho ungekisafisha mara chache kwa mwaka. Nyuzi za chuma za kusugulia masufuria zisifike kabisa karibu na meza. Vipande vyake visivyoonekana huvutwa na sumaku ya mota, huingia ndani, na kupiga shoti mahali ambapo huwezi kufika.

Sumaku inanileta kwenye jambo ambalo limewaumiza watu wengi waangalifu. Baadhi ya rangi za kutengeneza kutu ya kweli zina unga wa chuma ndani yake, ambao humwagiwa dawa ili ushike kutu. Kwenye paa la ghala hupendeza sana. Kwenye reli ni sumu. Chembe zake hubanduka na mota inazivuta. Pia kuna unga wa rangi wenye grafiti au metali, ambao hupitisha umeme. Ukiujaza kwenye mwanya mwembamba unaotenganisha reli mbili za pointi, umetengeneza shoti. Kabla ya kutumia unga wowote, mimina kidogo kwenye karatasi na upitishe sumaku chini yake. Unga ukiifuata sumaku, uache. Fanya jaribio hilohilo kwa kokoto, hasa zile zilizotengenezwa kwa majivu ya makaa au mchanga uliookotwa, kwa sababu mara nyingi zina chembe za chuma. Unga salama wa rangi nao lazima ufungwe kwa vanishi isiyong'aa, kisha ufyonzwe kwa mashine ya kufyonzea vumbi kabla treni haijapita, usije ukaishia kwenye gia.

Dawa za kemikali za kuifanya metali iwe nyeusi huvutia, maana hazina unene kama rangi. Mimi sizitumii kwenye reli iliyokwisha kutandikwa. Zinageuza uso wa metali wenyewe, pamoja na pale juu usipotaka, na mabaki yake yakibaki kwenye viungo huendelea kuila metali polepole.

Sasa pointi, ambazo ndizo zilizokuponza. Katika pointi nyingi za mfano, ulimi unaohama hupata umeme kwa kuigusa reli ya pembeni, na pengine kwa kupitia kile kiwiko kidogo unachozungukia. Mahali hapo pawili panahitaji metali kugusa metali. Ukipuliza rangi, inaingia nyuma ya ulimi na ndani ya kiwiko, na kitambaa chako cha juu hakifiki. Ndiyo maana upande wa kushoto umekufa: ulimi unafika mahali pake, lakini kati yake na reli kuna tabaka la rangi, na rangi ni kihami kizuri kuliko tunavyofikiri.

Dawa ya kudumu ni ileile ya viungo: usiuachie mguso kazi ya kupitisha umeme. Lehemu kipande chembamba cha waya chini ya pointi kuunganisha kila ulimi na reli yake ya pembeni. Lakini tazama kwanza namna pointi yako ilivyotengenezwa. Kama ndimi mbili zimeungana kiumeme na ile pembe ya V ambapo reli mbili zinakutana, waya huo utapiga shoti, mpaka kwanza ukate mwanya kati ya ndimi na V na kuilisha V kwa swichi yake inayogeuka pamoja na pointi. Pointi nyingi za sasa zina waya tayari chini yake kwa kazi hiyo, na maelekezo yake huonyesha mahali pa kukata. Kazi hii ni nyepesi pointi ikiwa mkononi, na ni mateso ikishatandikwa na kumwagiwa kokoto.

Kupaka pointi, usipulize. Weka ulimi katikati kwa kuushikiza na vipande viwili vya njiti za meno, ziba kiwiko na sehemu za kugusana kwa tepu nyembamba, na utumie brashi ndogo yenye rangi nzito kidogo, isiyokimbia. Paka ubavu wa nje wa reli za pembeni na mataruma. Nyuma ya ulimi na uso wa reli unaokutana nao, acha wazi. Kwa umbali wa kutazamia hapaonekani, na katika reli halisi pia hapo pana weusi wa grisi na mng'ao wa kusuguana, siyo kutu. Rangi ikikauka, geuza pointi mara ishirini kwa mkono ukisikiliza kama inakwama.

Gundi ya kokoto ifuate sheria hiyohiyo. Karibu na ndimi tumia kokoto chache, gundi kwa tone la sindano, na usimwage maji ya gundi pale kijiti cha kugeuzia kinapopita.

Kuhusu njia iliyotelekezwa yenye kutu mpaka juu: kama treni haitapita, ikate umeme kabisa, paka utakavyo, na ifurahie. Kama treni itapita, acha ukanda mwembamba unaong'aa juu na uchezee mataruma, majani na kokoto. Jicho litaamini kutu hata kama pale juu pana mstari wa mng'ao. Kapasita za kuhifadhi umeme ndani ya injini ni msaada mzuri kwa injini fupi zenye magurudumu machache, lakini usizitumie kufunika reli chafu.

Sasa zile pointi mbili zako. Zima umeme. Kata kipande cha kadi ngumu, kiloweshe kwa thina ya rangi uliyotumia, kiingize kati ya ulimi na reli, funga ulimi polepole juu yake na uvute. Rudia kwa kadi safi mpaka itoke bila kahawia. Kwenye kiwiko weka tone moja la thina kwa ncha ya njiti, geuza pointi mara kadhaa, nyonya kwa vijiti vya pamba vya masikio, rudia. Ikishakauka, weka tone dogo la dawa ya kusafishia miguso ya umeme isiyodhuru plastiki. Kisha pita kwenye pembe za ndani za reli zote kwa kijiti cha mbao, na usafishe magurudumu ya kila injini na kila behewa lililopita hapo, bila kusahau migongo ya magurudumu, kwani vibati vya kukusanya umeme vinagusa huko nyuma na rangi hupenda kujificha hapo.

Baada ya hapo pima kwa ile balbu. Kwenye dijitali fanya pia jaribio la sarafu: umeme ukiwa umewashwa, gusisha sarafu kwenye reli mbili kwa sekunde moja, kila mita moja hivi na kila baada ya pointi. Kifaa kinacholisha reli umeme kinapaswa kujikata papo hapo. Kisipojikata mahali fulani, hapo waya au mguso ni dhaifu, na shoti ya kweli ikitokea inaweza kuchoma kitu. Mwisho zima taa za chumba, endesha behewa lenye taa za ndani kwa mwendo wa kinyonga, na utazame zinapopepesa. Kama upande wa kushoto bado umekufa, usiendelee kuusugua: ing'oe pointi, ilehemu zile nyaya chini yake, uirudishe.